Waliomba Dirisha, Wakapewa Wizara

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, saa tano kasorobo asubuhi. Kabla ya hapo yalikuwa mabaya tu, ule ubaya wa kawaida ambao mtu anaamka nao, anakwenda nao kazini na kurudi nao nyumbani. Lakini siku ile, saa ile, serikali iliingiwa na huruma.

Kondo Mbwera anaikumbuka saa yenyewe kwa sababu alikuwa amesimama na robota la magunia mgongoni tangu saa mbili. Lori la kupakia halikuwepo, lilikuwa limeondoka jana yake. Ila wapakiaji wa kiwanda cha magunia waliamriwa wabebe hivyo hivyo na wasimame kama watu wanaotembea, ili Mlezi Mkuu wa Nchi akipita aone kazi inaendelea. Na Mlezi Mkuu, mtu mwenye nchi nzima ya kulea, alichelewa kidogo.

Mke wa Kondo, Siwema, alikuwa ndani, kwenye chumba cha kuchambulia katani. Chumba kile hakikuwa na dirisha hata moja. Mwenye nywele nyeusi akiingia humo asubuhi, jioni anatoka na mvi, na akipangusa mvi zile kwa kitambaa, kesho anazikuta tena. Siwema alikuwa ameshaingiwa na ugonjwa wa kifua. Siku hiyo meneja alitoa tangazo kwamba hakuna ruhusa ya kukohoa mpaka mgeni apite.

Siwema alijitahidi. Waliokuwa karibu naye wanasema alikibana kikohozi mpaka mishipa ya shingo ikasimama kama kamba. Mlezi Mkuu alipofika mbele yake, na kamera zote nyuma, kikohozi kikatoka chenyewe, na damu kidogo juu ya kanga.

"Mama," akasema Mlezi Mkuu, "una shida gani?"

"Baba, tunaomba dirisha."

Mlezi Mkuu alilia. Alilia machozi ya kweli, mpambe wake akampa leso, ikaloa, akampa ya pili. Kisha akapanda juu ya meza ya kuchambulia na kunguruma: "Kuanzia leo, katika nchi yangu, hakuna mnyonge atakayeumia kazini mbele ya macho yangu!"

Watu walipiga makofi hadi mikono ikawaka. Kondo, aliyekuwa nje mlangoni, hakupiga, kwa sababu ya robota.

Dirisha lilihitaji fundi mmoja, nyundo na nusu siku. Badala yake ikaanzishwa Wizara ya Ulinzi wa Wanyonge Kazini, yenye waziri, manaibu wanne na jengo la ghorofa tisa. Jengo hilo, wenye macho wamehesabu, lina madirisha mia sita na kumi.

*

Siwema ndiye aliyekuwa mnyonge wa kwanza kusajiliwa. Kondo aliambiwa ashukuru, maana heshima hiyo haikuwahi kumfikia mtu wa ukoo wake.

Waziri alikuja mwenyewe kumvika kizibao. Kilikuwa cha njano, kinang'aa, na mgongoni kimeandikwa kwa herufi kubwa: NINALINDWA. Siwema akajigeuza huku na huku, akajitazama.

"Mume wangu," akamwambia Kondo, "mbona wamenivika kama barabara inayotengenezwa?"

Wanawake wakacheka. Waziri naye akacheka, ingawa yeye alianza kwa kuchelewa.

Ila mtu aliyevaa kizibao hakuruhusiwa tena kukaa kazini, kwa kuwa kazini ndiko wanyonge wanakoumia. Alipaswa kupelekwa Nyumba ya Utulivu, nyuma ya kilima cha mawe, mahali ambapo Mlezi Mkuu hapiti. Ahadi yake ilikuwa kwamba hakuna mnyonge atakayeumia mbele ya macho yake, na wasaidizi wake, watu wasomi, waliona njia iliyo rahisi kuliko zote ya kuitimiza. Gari jeupe lenye mapazia likaja kinyumenyume hadi mlangoni.

"Leo utapika mwenyewe," Siwema akamwambia mumewe akiwa ameshaweka mguu mmoja ndani. "Chumvi iko kwenye kopo la maziwa."

Hakurudi. Kila mwisho wa mwezi ilikuja kadi yenye picha ya maua na sentensi tatu: *Naendelea vizuri. Nalindwa. Msije.* Mwandiko ulikuwa mzuri sana, umelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Kondo aliishia darasa la nne, hakuwa mtu wa kubisha juu ya miandiko. Lakini Siwema hakuingia shule hata siku moja. Jina lake alilitia kwa dole gumba.

Akaichukua kadi, akampelekea Afisa Mlinzi wa kiwanda, Bwana Pendaeli Kisusi. Huyu Kisusi aliteuliwa kwa sababu ya uzoefu. Zamani ndiye alikuwa nyapara wa chumba cha katani, na ndiye aliyekuwa akikipiga kufuli kwa nje ili watu wasitoke kupunga hewa saa za kazi. Wizara ilipotafuta mtu aliyezoea kukaa karibu na wanyonge, hakuonekana mwingine.

"Afisa, mke wangu hajui kuandika," Kondo akasema.

Kisusi akaitazama kadi, akatabasamu. "Sasa si ndiyo uone tunavyomtunza, Mzee Kondo? Mpaka kusoma tumemsomesha!"

Mwezi wa nne tangu aondoke haikuja kadi. Lilikuja sanduku, limepigwa lakiri pembe zote nne, na cheti juu yake: *Alilindwa hadi mwisho.* Haikuruhusiwa kulifungua. Kifungu cha ishirini na mbili cha sheria ya wizara kinasema marehemu naye ni mnyonge, na zaidi ya wote, maana hawezi hata kujitetea, hivyo analindwa dhidi ya macho ya watu.

Kondo alilibeba begani pamoja na majirani watatu. Amebeba mizigo miaka ishirini na sita. Mgongo wake unajua uzito wa kitu kabla kichwa hakijajua. Na mgongo ukamwambia sanduku hili ni zito mno, Siwema alikuwa mwanamke mwepesi. Alisimama nalo njiani, akageuza shingo. Askari wanne waliokuja kushiriki msiba nao wakasimama. Akaendelea kutembea. Wewe ungefanyaje?

*

Miaka ikapita, na nchi ikapata sifa. Pale langoni mwa kiwanda uliwekwa ubao mkubwa: SIKU 1,210 BILA MNYONGE KUUMIA KAZINI. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kuupiga picha. Waliuliza siri ni nini, wakajibiwa ni upendo.

Siri haikuwa ngumu. Mtu yeyote aliyeelekea kuumia alisajiliwa kwanza, akaondolewa. Akiwahi kuumia kabla hajasajiliwa, usajili wake uliandikwa tarehe ya nyuma. Kwa njia hiyo fundi mmoja aliyekatwa mkono Jumatano alikutwa amelindwa tangu Jumatatu, na mkono ukawa umekatika ukiwa nje ya ajira.

Watu wakajifunza. Mwenye kuchechemea alijikaza akatembea kama gwaride. Mwanamke mwenye mimba alijifunga mkanda wa kanga mpaka siku ya uchungu. Kikohozi kilikwisha kabisa katika kiwanda kile, walau kwa sauti. Waziri akatangaza redioni kwamba vumbi limetokomezwa, kwa kuwa hakuna anayelilalamikia.

Ndani ya hayo yote alikuwamo Zamoyoni, mtoto pekee wa Kondo na Siwema. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, anafanya kazi kwenye mashine za kusokota uzi, na ana kifafa. Kilimjia mara moja kwa mwezi, mara mbili mwezi ukiwa mbaya. Lakini wanawake wa kusokota walikuwa na utaratibu wao, haujaandikwa popote. Mkubwa wao, Bi Mwasiti, mama wa maneno makali na mikono laini, ndiye aliyeupanga. Zamoyoni alikaa siku zote upande wa ukuta, mbali na mkanda wa mashine. Kati yake na mashine alisimama mtu, kwa zamu. Akianguka, mmoja anazima swichi, mmoja anamlaza kwa ubavu, mmoja anaweka kanga chini ya kichwa. Waliobaki wanaimba kwa nguvu ili nyapara asisikie mashine imenyamaza. Akizinduka, Bi Mwasiti anamwambia, "Haya, malkia, umeshapumzika, sisi watumwa wako tumechoka," naye anacheka, anaendelea na uzi wake. Miaka mitatu hakuwahi kupata hata mchubuko.

Siku moja Kisusi aliingia bila kubisha hodi, akakuta wimbo unaendelea na binti yuko sakafuni.

Hakugomba. Watu wa wizara hawagombi. Alisubiri Zamoyoni azinduke, akampa pole kwa heshima zote, kisha akawageukia wanawake kwa huzuni.

"Mmekuwa mkimlinda?"

Bi Mwasiti akainama, akaiokota kanga sakafuni.

"Bila leseni?"

"Leseni ya nini, baba?" Bi Mwasiti akauliza. "Kumshika mtoto wa mwenzio asianguke?"

"Ulinzi usiosajiliwa, mama yangu, ni kosa la jinai. Unamnyima mnyonge ulinzi ulio halali." Akatoa kalamu. "Gari litakuja Jumatatu."

*

Ilikuwa Ijumaa. Kondo alipopata habari hakulia wala hakupiga kelele. Aliweka robota chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya katikati ya njia, akaenda moja kwa moja ofisini.

"Afisa, binti yangu si mnyonge."

"Vizuri sana," Kisusi akasema, akivuta kiti akimpa. "Rufaa ni haki yake. Lazima tu aje mwenyewe athibitishe kwamba hajawahi kusaidiwa na mtu yeyote. Umekuja kumsaidia?"

"Mimi ni baba yake!"

"Basi umeshaiharibu rufaa." Akaandika kitu. "Tena naona unatetemeka, Mzee Kondo. Unalala vizuri? Tangu marehemu atutoke, nani anakupikia?"

Kondo akauona ule mkono wenye kalamu unasogea kwenye karatasi nyingine, tupu. Akakaza miguu chini ya meza mpaka tetemeko likahamia kwenye meno, akayabana nayo.

"Nalala kama gogo, mheshimiwa."

"Alhamdulillahi."

Nyumbani Zamoyoni alikuwa anachambua mchele kana kwamba hakuna jambo.

"Tukimbie," Kondo akasema. "Leo hii. Kwa shangazi yako."

"Baba, waliokimbia wa kule ghalani umewasahau? Walisajiliwa ukoo mzima, wanyonge wakaidi. Shangazi ana watoto sita." Akapuliza makapi. "Mimi nitakwenda. Labda nitajua mama alikuwa wapi."

"Usiseme hivyo!"

"Nisemeje sasa, baba?"

Mzee mzima, mabega mapana kama mlango, alikaa kwenye kigoda akitazama mikono yake. Imenyanyua maelfu ya marobota, na haikuweza kumshikilia mtu mmoja mwembamba asichukuliwe.

*

Jumatatu saa mbili gari jeupe lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya ofisi, kinyumenyume, injini inanguruma. Zamoyoni alikuwa ameketi kwenye benchi la barazani, kizibao cha njano kimemkaa vizuri. Kulia kwake alikaa baba yake. Kushoto alikaa Bi Mwasiti, aliyekuja kama shahidi wa familia.

Inabidi kueleza hapa jambo moja la bahati. Wiki ileile wizara ilikuwa imezindua Mwaka wa Ushirikishwaji wa Familia. Zamani fomu ya usajili ilijazwa ofisini, ikapigwa muhuri ofisini, na jamaa aliitiwa tu kuweka dole gumba kwenye pembe. Sasa, kwa agizo jipya, jamaa alitakiwa akabidhiwe fomu kwanza, mkononi, kabla ya muhuri, apigwe picha akiishika na kutabasamu. Mpiga picha alikuwa amefika.

Kisusi akatoka na fomu. "Mzee wetu, shika hapa. Tabasamu. Kisha dole gumba."

Kondo akaishika. Hakutabasamu. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Ji-na la m-nyo-nge," akasoma.

"Huna haja ya kusoma, Mzee Kondo."

"Si nimeshirikishwa?" Akasogeza kidole. "Ta-re-he ya ku-za-li-wa."

"Mwache asome, baba," Bi Mwasiti akasema. "Darasa la nne lile, halijapata kazi miaka arobaini."

Alisoma fomu yote, silabi kwa silabi, jasho linamtoka kama aliyebeba marobota mawili. Kisusi alitazama saa. Mpiga picha akakaa chini. Dereva akafungua mlango wa gari, akaufunga. Kondo hakuwa na mpango wowote, Mungu shahidi. Alichotaka ni binti yake akae pale benchini dakika nyingine, na nyingine, na aliona kila mstari unampa moja. Mistari ilikuwa kumi na saba. Alipofika wa mwisho, kidole kikasimama.

"M-nyo-nge a-na-li-ndwa dhi-di ya na-ni." Akainua uso. "Hapa hapajajazwa."

"Hapo huwa tunapiga muhuri," Kisusi akasema.

"Juu ya mstari?"

"Ndipo ulipo mahali pake. Siku zote muhuri unakaa hapo."

Kondo akaitazama tena ile nafasi, nyeupe, safi, haijaguswa. Fomu zote zilizopita, za watu wote waliopanda gari lile, zilikuwa na muhuri mkubwa wa duara mahali hapo, na chini ya muhuri hakuna kitu.

"Jaza kwanza," akasema. "Ukijaza nitaweka dole."

Kila mtu katika nchi hiyo anajua kwamba mtu anaweza kupotea, lakini karatasi haiwezi kwenda na pengo likishaonekana. Ni kosa la kufukuzwa kazi, na mpiga picha wa serikali alikuwa pale, ameshaona. Kisusi akatoa kalamu kwa madaha.

"Haya. Tuandike ajali."

"Ajali ipi?" Bi Mwasiti akamrukia. "Si ubao wako pale langoni unasema hakuna? Au tukaufute?"

"Basi mashine."

"Mashine za kusokota? Zile zenye kibao *Zawadi ya Mlezi Mkuu*? Andika, mwanangu, andika tuone. Andika kwamba zawadi ya Mlezi Mkuu inaua watu."

Kalamu ikarudi juu.

"Vumbi."

"Vumbi waziri wako kalimaliza redioni."

"Ugonjwa wake basi!" Kisusi akasema kwa sauti. "Analindwa dhidi ya kifafa!"

"Kifafa ni cha hospitali," Zamoyoni akasema taratibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo asubuhi ile. "Wizara nyingine hiyo, afisa. Ukiandika hivyo itabidi mnipeleke huko."

Na wizara, kama inavyojulikana, haijawahi kumpa wizara nyingine mnyonge wake.

Kisusi alibaki na kalamu hewani. Midomo yake ilicheza kana kwamba anahesabu watu, mmoja baada ya mwingine, na kila anayemfikia anamruka. Alimtazama Kondo. Kondo alikuwa anamtazama yeye, macho hayapepesi, na kwa muda mfupi ikawa kama jibu limesimama pale barazani, limevaa suti ya kijivu na limeshika kalamu. Kisha Kisusi akageuka, akaingia ndani, akapiga simu.

Simu ilipanda ghorofa tisa. Wa ghorofa ya kwanza alisema suala ni la wa pili. Wa tisa aliitisha kikao. Kikao kiliunda kamati, kamati ikakaa na wataalamu, wataalamu wakaomba ufafanuzi Ikulu. Ikulu haikufafanua. Iliuliza tu jina la aliyeuliza, na kituo chake cha kazi.

*

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya kazi, Zamoyoni huketi kwenye benchi lile na kizibao chake. Haruhusiwi kurudi kwenye uzi kwa sababu amesajiliwa, na hawawezi kumchukua kwa sababu hajakamilika. Kulia yuko baba yake, kushoto Bi Mwasiti au mwingine wa kusokota, kwa zamu. Akianguka wanamlaza kwa ubavu. Gari liko palepale, injini haizimwi. Dereva wa kwanza ameshabadilishwa. Huyu wa sasa hasalimii mtu.

Juzi mpiga picha, aliyekuwa akipita na mizigo yake, aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akasema bila kuinua kichwa kwamba wizara imeagiza fomu mpya. Zinachapwa. Zina mistari kumi na sita.

"Zinafika lini?" Bi Mwasiti akamwuliza.

"Wiki hii. Au ijayo." Akaondoka haraka.

Kondo alisikia. Alinyanyuka, akaenda dirishani kwa Afisa Mlinzi kama afanyavyo kila siku saa mbili kamili, akaweka mikono yake miwili juu ya ubao wa dirisha. Ndani, Kisusi alikuwa akitazama barabara ya langoni, kama mtu anayesubiri mzigo.

"Afisa," Kondo akasema, "fomu yangu bado ni ile ya zamani, na pengo bado lipo. Nakuuliza tena, na leo niulize kwa sauti ili na wale waliolala wasikie: binti yangu mnamlinda asidhuriwe na nani?"